Tungule Zilizoliwa Hazilipwi

Kama serikali ingewalipa watu kwa wivu, mimi ningekuwa nimeshajenga ghorofa. Mwaka ule wa korona ililipa wakulima walioharibikiwa na mavuno. Wivu haukuwemo katika mambo yanayofidiwa, kwa hiyo wangu nilibaki nao bure, na mpaka leo ninao, umehifadhika vizuri kuliko tende za msimu uliopita.

Tunakaa kijiji kimoja cha Omani, karibu na Ibra, upande wa milimani. Tunaokaa ni Bibi, Mama, mimi na wadogo zangu. Baba anafanya kazi gereji kule Firq, nje kidogo ya Nizwa, na huja nyumbani Alhamisi jioni akinuka grisi, akaondoka Jumamosi akinuka udi. Bibi ndiye mama yake Baba. Amezaliwa Unguja, akaja huku na Babu akiwa mtu mzima mwenye watoto, na ndugu zake Babu ambao hawakuwahi kuhama wakawapa kipande cha shamba. Kipande kweli: ukipiga chafya upande huu, mtu wa upande wa pili anakuombea rehema. Lakini kina mitende, migomba, ndimu, vitalu vya mboga, na kisima chenye pampu. Bibi hajawahi kukiita kipande. Anakiita "shamba langu", na anakitamka kama mtu anayetaja nchi.

Ng'ambo ya ukuta ni shamba la ami. Si ndugu wa tumbo moja na Baba, ni mtoto wa ndugu yake Babu. Shamba lake unaweza kupotea ndani. Ami ana binti wa umri wangu, tunasoma darasa moja, na tangu wadogo watu wanatupima kama mbuzi wa mnada wa Ijumaa: huyu kanenepa, yule kasoma. Basi yeye alinenepa na kusoma vilevile. Baba yake anasema Kiarabu tu, lakini yeye amekulia jikoni kwa Bibi, akimwita Bibi kama ninavyomwita mimi, na Kiswahili anakijua. Alianza na matusi. Hayo nilimfundisha mimi, kwa moyo mkunjufu.

Korona ilifika tungule zimeiva, nyanya kama wanavyoziita watu wa bara. Njia za kwenda miji mingine zikafungwa, soko likafungwa, malori yakalala. Ami alikuwa na tungule za kulisha Muscat. Akazichuma, akazipanga kwenye makreti kivulini, akangoja. Kila asubuhi alikuwa akienda kuzitazama kama mtu anayezuru mgonjwa, na kila asubuhi akisema kesho wanafungua. Simlaumu sana, kila mtu alikuwa akisema kesho wanafungua. Ila tungule hazikupata habari hiyo. Zikalainika, zikatoa maji, halafu zikaanza kunuka mpaka tukawa tunakula madirisha yamefungwa na jasho linatutoka.

Bibi na yeye alikuwa na zake, vitalu kadhaa. Hakungoja kesho.

"Chukua ndoo," aliniambia.

"Tunakwenda kuuza?"

"Tunakwenda kugawa. Unadhani zitakungoja wewe umalize skuli?"

Tukagawa. Kulikuwa na wafanyakazi wa ujenzi wamekaa nyumba moja bila kazi, hawana pa kwenda. Kulikuwa na dada wa Tanga na mwenziwe wa Mombasa, wanafanya kazi za nyumbani, ambao mshahara wao ulikuwa nao umekwama njiani kama kila kitu. Kulikuwa na wazee ambao watoto wao wamefungiwa mjini. Mimi ndiye niliyebeba. Naweka ndoo mlangoni, nagonga, nakimbia, maana ndiyo amri ya korona. Nilikuwa kama mwizi anayerudisha.

Na kila siku, alasiri, binti ami alitokea kwenye uwazi wa ukuta na bakuli.

"Mama anasema kama kuna tungule kidogo."

"Nyie mna mlima mzima wa tungule," nikamwambia. "Nasikia harufu yake mpaka chooni."

"Zile za kuuza."

"Za kumuuzia nani, majini?"

"Bibi, mjukuu wako ananitukana."

"Mtukane na wewe, lakini lete bakuli kwanza," Bibi akajibu kutoka ndani. Akalijaza, akaongeza pilipili na kitunguu. Kwa hiyo nyumba ya ami ikala tungule zetu huku zao zikioza kwa heshima kivulini.

Tungule zetu zilipokwisha, pampu nayo ikafa. Ilikohoa siku nzima, ikanyamaza. Baba alipopata ruhusa ya kuja aliifungua, akaitazama ndani, akaifunga tena taratibu, kama daktari anayevuta shuka. Pesa za mpya hazikuwepo, gereji ilikuwa inafunguliwa na kufungwa. Akasema, si kwa ubaya, "Mama, shamba hili tuliache. Joto linakuja. Likikauka, nitamwaga zege nijenge vyumba vya kupangisha."

Bibi alikwenda akakaa kwenye ukingo wa mfereji mkavu, akang'oa magugu ambayo hata hayakuwepo.

Ndiyo maana habari ya fidia ilipofika nilifurahi kuliko sikukuu. Kamati inapita mashambani, wanatazama nani kapoteza mavuno, serikali inalipa. Sisi hatukuuza hata tungule moja, kwa hiyo tutalipwa, pampu itanunuliwa, zege litasahauliwa. Hesabu rahisi, hata mimi niliyepata sifuri ya hesabu niliiweza.

Asubuhi ya siku ya kamati Bibi aliamka na ufagio. Akafagia shamba, ndiyo, shamba, mchanga wote ukabaki na mistari mizuri. Akakata makuti makavu, akafukia mashina ya tungule, akakung'uta vumbi kwenye majani ya ndimu. Akatandika jamvi, akaweka tende na kahawa. Mgeni wa Bibi hawezi kukuta nyumba yenye unyonge. Shamba lilikuwa linapendeza kama bibi harusi, na mimi nikasaidia kumpamba, mpumbavu mkubwa.

Sasa inabidi nieleze jambo moja. Huku kwetu mgeni akifika kuna kuulizana habari kwanza, na jawabu ni moja tu, toka enzi: hakuna habari ila za kheri. Nyumba inaweza kuwa inafuka moshi nyuma yako, unajibu hakuna habari ila za kheri. Halafu mgeni anakaa, anakula tende, anakunywa kahawa, anatikisa finjani kuonyesha kwamba basi. Hapo ndipo mwenyeji anakohoa kidogo na kusema, "Lakini sasa, kuna jambo." Kabla ya kahawa hakuna mtu mwenye shida. Ni adabu. Bibi ameishi nayo Unguja na ameikuta huku, na kwake ni kama kuvaa nguo.

Kamati ilikuwa vijana wawili wenye barakoa na tableti ya kuandikia. Walisimama mlangoni.

"Karibuni mkae, kahawa iko tayari," Bibi akasema.

"Samahani, mama. Korona. Haturuhusiwi kukaa wala kunywa kitu." Mmoja akaweka mkono kifuani. "Habari zenu?"

"Alhamdulillah. Hakuna habari ila za kheri."

"Mavuno yalikuwaje?"

"Mungu kabariki."

"Kuna kilichooza?"

Bibi akamtazama kama ameulizwa kama anaoga. "Kwangu kitu hakiozi, mwanangu."

Kijana akatazama ule mchanga uliofagiliwa, zile ndimu zinazong'aa. "Mashallah," akasema kwa dhati kabisa. Wakashukuru, wakaenda zao, na dele la kahawa limejaa. Bibi alibaki amesimama na finjani mkononi, na maneno yake ya baada ya kahawa bado kinywani. Hakupata pa kuyatemea.

Ami hakungoja kahawa. Alikutana nao barabarani, hakuuliza habari wala hakujibu, akawapeleka moja kwa moja kivulini. Akatia mkono ndani ya kreti mpaka kiwiko, akauinua ukidondoka. Binti ami ndiye aliyenihadithia, akiigiza na mkono wake mwenyewe, na lazima niseme ilikuwa kazi safi.

Ami akalipwa. Na ilikuwa haki yake, alipoteza kweli. Hilo nilikuwa nalijua wakati ule na nalijua sasa, na halikunisaidia kitu. Ilikuja pampu mpya, na sahani za jua za kuiendesha, zikafungwa juu ya paa la kibanda kilichopakana na ukuta wetu. Zilikaa pembe ambayo kila baada ya sala ya alasiri zilitupiga mwanga ndani ya majlis yetu, moja kwa moja kwenye uso wa mtu aliyekaa. Wageni wetu wakawa wanazungumza wamefumba jicho moja. Maji ya ami yalikuwa yanasikika mchana kutwa, yanacheka kwenye mfereji, na majani ya mbuzi wake yakawa ya kijani cha kukera. Sijui kama umewahi kuyaonea wivu majani. Mimi nililala nikiyawaza.

Binti ami akaja kwenye uwazi wa ukuta. "Mmeona sahani zetu?"

"Tumeziona. Mama anafikiria kukaanga mayai juu yake."

"Baba anasema hazili umeme hata kidogo."

"Hongera. Na wewe ukiacha kula tutafunga hesabu."

"Una wivu," akasema.

"Wa kitu gani? Wa bati?"

Lakini nilikuwa nimebeba ndoo wakati ule, na alikuwa anaiona. Ndoo ndiyo ilikuwa pampu yetu. Maji ya kuoshea vyombo, maji ya kuogea wadogo zangu, maji ya udhu, yote niliyakusanya nikapeleka mtendeni. Migomba tuliiacha. Ilikauka ikining'iniza majani kama nguo za mtu aliyehama. Bibi alikuwa na mitende aliyoichagua, ile aliyoipanda Babu, na alinielekeza ipewe ipi leo na ipi ingoje, kama nesi wadi. Joto lilikuwa limeshafika. Baba akija Alhamisi alikuwa anatazama shamba, kisha ananitazama mimi na ndoo, kisha anaingia ndani bila kutaja zege, na kutokutaja kwake kulikuwa kubaya zaidi.

Ndipo wakatangaza msikitini kwamba kamati itarudi kwa waliokosa mara ya kwanza. Nikaona huyu Bibi lazima apigishwe mazoezi.

Nilivaa kofia ya Baba na barakoa, nikashika sinia badala ya tableti, nikasimama mlangoni mwa jiko. Bibi alikuwa anamenya mhogo.

"Habari zenu, mama?"

"Hakuna habari ila za kheri."

"Bibi."

"Nini?"

"Si tumekubaliana utaanza na shida?"

"Mtu kaniuliza habari, nimtupie shida usoni? Kwani mie nimelelewa pipani?"

"Haya, upya. Mama, mmepata hasara gani?"

"Hasara yangu wewe."

"Mimi ni serikali."

"Serikali haivai kofia kinyumenyume."

"Bibi, lia kidogo basi. Kidogo tu."

"Kwani nimefiwa?"

"Umefiwa na pampu."

Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha akajifuta macho na upande wa kanga, akausukuma mhogo kando, na nikajua mchezo umekwisha.

"Sikiliza," akasema. "Wataniuliza tungule zilikwenda wapi. Nitawaambia zimeliwa. Wataniuliza nani kala. Hapo mie siwezi. Yule dada wa Tanga alikuwa analia anapopokea. Nimtaje mbele ya watu, kijiji kizima kijue alikuwa hana cha kula? Hayo ni masimango. Bora shamba liwe zege."

"Wote hawakuwa na njaa," nikasema. "Kuna waliokula na zao ziko kivulini."

"Na hao pia usiwataje. Umenisikia? Hasa hao. Ni ndugu wa babu yako, ardhi hii walitupa wao."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia. Lakini lile neno nilikuwa nimeshalitengeneza, fupi, la moto, "muulizeni huyo ami hapo," na nilikuwa nalilalia kichwani kila usiku nikilinoa.

Siku yenyewe alikuja kijana mmoja kati ya wale wawili. Masharti yalikuwa yamelegea kidogo. Alikubali kukaa, mbali, kwenye kiti chake mwenyewe, chini ya mitende iliyokunywa maji ya vyombo, na akakubali kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Ami alikuja naye kama jirani, kumwonyesha njia ambayo kijana alikuwa anaijua. Binti ami alikuja nyuma na sinia la tikiti maji kutoka kwao, kubwa, jekundu, la mashamba yenye maji. Mimi nilishika dele.

Wakaulizana habari. Hakukuwa na habari ila za kheri. Kijana akanywa, akatikisa kikombe cha karatasi, ambacho hakitikisiki vizuri, na Bibi akakohoa.

"Lakini sasa," akasema, "kuna jambo."

Akaeleza yote, pampu, vitalu, migomba. Alieleza vizuri, bila kulia. Kijana akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mara ile uliniambia hakuna kilichooza."

"Hakikuoza."

"Kiliuzwa?"

"Hata tungule moja."

"Basi kilikwenda wapi?"

"Kililiwa."

"Na nani?"

Bibi akaangalia mikono yake. Kijana hakuwa mbaya, alisogeza kiti mbele kidogo. "Mtu mmoja tu, mama. Mmoja akiniambia alipewa bure mavuno yaliyokosa soko, mimi naweza kuandika kwamba ni hasara. Bila hivyo mikono yangu imefungwa."

Ami alikuwa anachunguza kiatu chake. Neno langu lilikuwa limeshafika kwenye meno, tayari, na Bibi akaniinulia jicho, moja tu, nikalimeza likarudi nusu ya njia. Nilikuwa nalivutia pumzi upya.

"Sisi tulikula," binti ami akasema.

Alisema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida, sinia bado liko mikononi. "Kila siku. Mama alikuwa ananituma na bakuli kwa sababu zetu zilikuwa za kuuza. Bibi alikuwa anatujazia. Nyingine Mama alizipika akaziweka kwenye chupa, bado zipo, nikakuletee?"

Masikio ya ami yalikuwa na rangi ya lile tikiti. Nilimngojea akane, nilitamani akane, ili na mimi nipate zamu yangu.

"Ni kweli," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino. Halafu, taratibu zaidi, "Tulikula. Andika."

Kijana akaandika. Bibi akamwita binti ami, akamshika kichwa, akambusu utosini, akakaa nacho kile kichwa kifuani muda mrefu kuliko inavyohitajika. Hata ami alimtazama binti yake kama amemwona leo. Mimi nilisimama na dele linaniunguza kiganja.

Maana lile neno lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekuwa nalo wiki zote zile. Isipokuwa kwangu lilikuwa jiwe la kumpiga mtu, na yeye alilitoa likiwa tungule, akamkabidhi kila mtu yake. Sahani za jua ningeweza kumsamehe. Hili la kuwa mwema mbele ya watu, na mbele ya Bibi wangu, na kwa maneno machache vile, lilinikaa hapa, kooni, na nikitaka kusema kweli lingalipo.

Fidia yetu ilikuja, ndogo kama shamba lenyewe. Baba akaleta kutoka Firq pampu iliyokwishatumika, akaifungua na kuifunga mwenyewe mpaka ikawa na adabu. Zege hakulitaja tena, na safari hii kutokutaja kwake kulikuwa kutamu. Mitende ya Babu ilikuwa hai. Migomba, Bibi alisema tutapanda mingine.

Siku ya kuiwasha tulikuwa wote kisimani. Baba akaunganisha waya, akasema tayari. Nikasogea kwenye swichi. Mikono yangu ilikuwa na sugu za ndoo, niliona hiyo ni haki yangu ya kuzaliwa.

"Mwache mwenzio abonyeze," Bibi akasema. "Yeye ndiye aliyeileta."

Binti ami akanitazama, akatabasamu, tabasamu la sahani za jua. "Una wivu," akaninong'oneza kwa Kiswahili, na neno alilomalizia nalo ni mojawapo ya yale niliyomfundisha mimi.

"Bonyeza," nikamwambia.

Nikaenda mwisho wa mpira wa maji, nikaushika. Pampu ikakohoa, ikanguruma, mpira ukanyanyuka mkononi mwangu kama nyoka aliyeamshwa. Bibi alikuwa ananionyesha mtende wa kuanzia. Nilimwona vizuri kabisa. Nikamlenga binti ami kwanza, kuanzia utosini pale pale, na mitende ikasubiri zamu yake.